Dari ya gereji: ununue nini kuzuia joto la mabati

Gereji yangu iko Mamboleo, Kisumu, nyuma ya nyumba, imesimama peke yake bila hata mti wa kuikinga. Saa nane mchana ukipanda ngazi, joto la bati linakupiga usoni kabla hujaligusa. Hilo ndilo la kukumbuka ukiingia dukani: huku kwa ziwa adui ni mionzi inayoshuka kutoka juu. Nakuru ni kitu kingine. Huko shida ni baridi ya usiku na matone yanayodondoka chini ya bati alfajiri.

Kwa Kisumu basi, ya kwanza ni foili yenye mapovu, ile ya kung'aa inayouzwa kwa roli. Ni nyepesi, fundi na msaidizi wake wanaimaliza kwa siku moja. Sharti lake ni nafasi ya hewa, angalau milimita 25, kati yake na bati. Fundi wangu wa kwanza aliibana ikagusa bati kabisa. Joto likapita kama kawaida, nami nikalipa ufundi mara mbili. Sasa inashikiliwa chini ya mbao za mbili kwa mbili. Kama inang'aa upande mmoja tu, geuza huo utazame sakafu. Vumbi halikai huko. Gereji ya mita 6 kwa 3.5, ukitumia roli ya upana wa mita 1.2, inakula kama mita 20 pamoja na sehemu za kupishana.

Ya pili ni pamba ya kioo, unene wa milimita 50 kwenda juu, ikilazwa juu ya siling bodi. Ukiwa Nakuru, ipandishe iwe ya kwanza. Inapunguza pia kelele za mvua, na mvua ya mawe ya huko unaijua. Ila ziba matundu ya bati kwanza, maana ikilowa haifanyi kazi, na usiikandamize, kwani hewa iliyomo ndani ndiyo inayozuia joto. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu. Mimi niliidharau, nikajikuna siku mbili.

Mikeka ya mafunjo ni rahisi kwa mfuko na inapendeza, lakini kama unachomelea vyuma humo, iache.

Ya mwisho kabisa ni bodi nyeupe za polistirini, kama zile zinazofungiwa televisheni. Muuzaji atakusifia bei, na kweli joto zinazuia. Lakini hii ni gereji. Nilidondoshea kipande petroli ya kijiko kimoja, kikanywea kama sukari kwenye chai. Moto ukizishika, moshi wake ni mweusi mzito. Ukishazinunua tayari, zifunike zote kwa jipsamu, na kopo la petroli likae nje.