Kurasa za Kirumi: Walter Rodney alimwandikia nani?

Habari zenu wadau wa vitabu, karibuni. Leo mezani nina vitabu viwili na bando moja la fotokopi. Naanza na hiyo fotokopi, maana ndiyo iliyonifanya niwashe kamera.

Mnaiona? Imebanwa kwa spairo, plastiki ya juu imeshapasuka. Hii ni How Europe Underdeveloped Africa, yaani jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, niliyosomea chuo. Nakala ya mwalimu ilizunguka, tukachanga hela, tukaipeleka stationari. Yule kijana wa mashine akatufanyia hisani: akaziruka zile kurasa za mwanzo zenye namba za Kirumi ili tulipe kidogo. Tukamshukuru kweli kweli. Nani anasoma dibaji? Mtihani hautoki humo. Basi mwenzenu nimekisoma kitabu hiki cha Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, nikakijibia mtihani, nikakibishania vijiweni miaka na miaka, bila kujua mwenyewe alisema amemwandikia nani.

Juzi nimepata kitabu chenyewe, hili hapa, toleo la Verso la mwaka 2018. Karatasi nzuri, herufi zinasomeka hata kwa taa ya njano ya chumbani kwangu. Mwanzoni kuna maneno ya Angela Davis, yule mwanaharakati wa Marekani. Yaacheni kwanza, mtayarudia. Tafuteni dibaji ya Rodney mwenyewe. Ni fupi, mnaimaliza kabla chai haijapoa.

Anasema nini humo? Kwanza anasema amekiandika kwa sababu hali ya Afrika ya wakati wake inamsumbua, na kwamba anarudi nyuma kwenye historia kwa kuwa bila hivyo huwezi kuelewa ya leo yametoka wapi. Halafu anataja walengwa: Waafrika wanaotaka kuuchimba zaidi unyonyaji waliofanyiwa. Kuwaridhisha wasomi wanaowasemea wakandamizaji, pamoja na vipimo vyao vya kitaaluma, anasema si kazi yake. Hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Jamani, huyu si mtu aliyeshindwa vipimo hivyo. Alipata udaktari wa falsafa London mwaka 1966, akiwa na miaka 24. Tasnifu yake ilikuwa ya historia ya pwani ya Guinea ya Juu, ikatoka kama kitabu Oxford mwaka 1970. Kile ni kitabu cha wasomi kwa wasomi, tanbihi zimejaa kama siafu. Miaka miwili baadaye, 1972, kinatoka hiki, na tanbihi hazimo. Mwisho wa kila sura anakupa mwongozo mfupi wa vitabu vya kusoma ukitaka kuendelea, basi.

Chuoni tuliambiwa hiyo ni kasoro. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akisema, "Rodney ni mwanaharakati, msimnukuu sana." Na sisi tunaitikia. Kumbe jibu lilikuwa kwenye zile kurasa zilizorukwa. Unaweza kukataa sababu yake, hiyo ni haki yako, lakini huwezi kusema alisahau.

Mabadiliko hayo yalitoka wapi? Mimi nayaona Jamaika. Mwaka 1968 alifundisha chuo kikuu kule, na jioni alikwenda kukaa na watu wa kawaida wa Kingston, Marasta wakiwemo, akiwasimulia historia ya Afrika. Oktoba mwaka huohuo, akirudi kutoka mkutano Montreal, serikali ikamzuia kuingia nchini, na mji ukawaka kwa maandamano. Mwaka 1969 akarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, alikokuwa amefundisha kabla. Mtu aliyekwishazoea kueleza historia uani hawezi tena kuandika kana kwamba anaongea na jopo la watahini. Huo ni usomaji wangu.

Angalieni na wachapishaji. Kwa London ni Bogle-L'Ouverture, kampuni ndogo ya akina Huntley, Jessica na Eric. Kwa hapa ni Tanzania Publishing House. Neno la mwisho kitabuni akaliandika Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar. Yaani hata mlango wa kutokea aliuchagua kulingana na aliyekuwa anamwita.

Sasa, ahadi imetimia? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Sura ya sita, ya mwisho, ndiyo naipenda kuliko zote. Anapoeleza kwamba barabara na reli za mkoloni zote ziliteremka baharini, huhitaji digrii. Chukua ramani yetu, fuata Reli ya Kati kutoka Kigoma, ilikofika mwaka 1914, uone inakupeleka wapi. Bandarini.

Lakini sura ya kwanza, ndugu zangu! Inaeleza maana ya maendeleo kwa istilahi za Kimarx, na nadhani hapo ndipo wengi wanakiacha. Ninamjua fundi seremala anayesoma kila kitu, hata magazeti ya kufungia vitumbua. Nilimwazima, akanirudishia baada ya wiki: "Dogo, huyu bwana ameniita sebuleni halafu akafunga mlango." Na alikisoma kwa Kiingereza, lugha ambayo Waafrika wengi waliolengwa mwaka 1972 hawakuwa nayo. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, alilishika suala hili kwa mikono miwili: mwaka 1986, kwenye Decolonising the Mind, akatangaza kuwa anakiaga Kiingereza, kuanzia hapo ni Kikuyu na Kiswahili. Naye baadaye alirudi kuandika insha kwa Kiingereza, kwa hiyo tusifanye jambo hili jepesi.

Kuna kitu kingine kwenye dibaji ya Rodney kilichonichekesha. Anawashukuru vijana wawili wa Mlimani waliousoma mswada, Karim Hirji na Henry Mapolu. Mnajua ile desturi ya waandishi, "makosa yote ni yangu mwenyewe"? Rodney anagoma. Anaiita fikra ya kibwanyenye. Wajibu ni wa pamoja, anasema, hasa wa kurekebisha mapungufu.

Na hapo ndipo kinaingia hiki cha pili, chembamba. Hirji huyohuyo, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa Cheche, jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka 1970, akaja kuwa profesa wa takwimu za kitabibu. Mwaka 2017 akatoa kitabu kizima, kupitia Daraja Press, kuuliza kama kazi ya Rodney bado ina maana, na kuwajibu wakosoaji. Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni 1980, akiwa na miaka 38, hivyo kujibu mwenyewe hakuweza. Mimi namsoma Hirji kama mtu aliyekumbuka kwamba alishatajwa kwenye wajibu wa pamoja. Ni wakili mkali, anapanga hoja kama mtu wa hesabu. Wakati mwingine mapenzi yanamzidi, na mkosoaji mwenye hoja ya haki anapata kipigo kilekile cha mwenye chuki. Kisome baada ya Rodney, peke yake hakitakushika.

Kwa mwanafunzi, nunua Rodney. Kwa asiye mwanafunzi, nunua vilevile, ila anza dibaji, ruka hadi sura ya sita, kisha rudi sura ya pili. Ya kwanza isome mwisho. Na ukikikuta cha mtumba barabarani, au ukitengenezewa fotokopi, usitoe hela kwanza. Fungua mwanzo, uzihesabu zile kurasa za Kirumi.