FMC ya PMDG 737-800: ubora wake uko maili 40 za mwisho

Anayetaka kuijua ndege hii ya simuleta (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta), iliyotengenezwa na kampuni ya PMDG, asiipime ikiwa futi 37,000. Huko juu hata ndege ya bei ya chini hutulia. Aipime karibu na uwanja, pale nukta za njia zinapobanana na kila moja inadai kimo chake na spidi yake. Hapo ndipo FMC ya PMDG, yaani kompyuta ya kupangia safari, inapostahili fedha yake, na hapo ndipo wengi wanapoilaumu bure.

Kwa sisi wa Tanga njia nzuri ya kuipimia ni Mombasa hadi Dar es Salaam, HKMO hadi HTDA kwa misimbo ya viwanja, kama maili 172 za baharini. Ukinyoosha moja kwa moja unapita juu ya mkondo wa Pemba, na Tanga inabaki upande wa magharibi. Uwanja wetu ni mfupi mno kwa 737, lakini mji wenyewe unafaa kuwa nukta: andika S0505.5E03904.3 kwenye mstari wa chini wa CDU, kioo chenye vitufe cha FMC, kisha bonyeza kitufe cha pembeni panapotakiwa kwenye ukurasa wa LEGS, wenye orodha ya nukta. Safari inaongezeka kama maili 6 tu. Usiache nafasi katikati, wala usitupe sifuri ya mbele. Ukiandika E3904.3 badala ya E03904.3 utajibiwa INVALID ENTRY. Wapo wanaodhani programu imeharibika, kumbe inafanya kazi yake barabara. Ndege halisi nayo hukataa vivyo hivyo.

Mpangilio wa kazi una maana kubwa. Jaza viwanja kwenye RTE, ukurasa wa njia, bonyeza ACTIVATE, halafu EXEC, kitufe cha kuthibitisha. Kisha DEP ARR, ukurasa wa kuondoka na kuwasili: chagua barabara ya kutua na utaratibu wake kwanza, ndipo uguse nukta za mkono. Ukigeuza mpangilio huo, ukaweka vimo na spidi zako halafu ukabadilisha barabara, FMC inafuta nukta za utaratibu wa zamani pamoja na ulichozipachika. Unaanza upya, na ndege haikusubiri.

Baada ya hapo fungua LEGS na upitie kurasa zote, nukta tano kila ukurasa. Ukikuta visanduku na maneno ROUTE DISCONTINUITY, njia imekatika hapo. Bonyeza kitufe cha nukta iliyo chini ya visanduku ili jina lishuke mstari wa chini, kisha bonyeza kitufe cha visanduku vyenyewe, halafu EXEC. Ila kama juu ya pengo pameandikwa VECTOR, liache lilivyo, maana hapo mwongozaji wa anga ndiye anayetoa uelekeo. Anayeliziba pengo hilo kwa kupenda usafi anaifanya ndege ikate kona isiyokuwemo kwenye utaratibu.

Kinachovutia zaidi ni kutengeneza nukta kwa uelekeo na umbali. Barabara 05 ya Dar inafikiwa kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo anayetoka kaskazini lazima azunguke. Ukishachagua barabara hiyo, andika RW05230/8 (RW05 ni barabara, 230 ni uelekeo, 8 ni umbali): maili 8 nyuma ya mwanzo wa barabara, kwenye mstari wake. Kabla yake weka RW05262/9.4, ambayo iko maili 5 kando, upande wa kaskazini-magharibi, ili ndege igeuke nyuzi 90 kuingia mstarini. FMC itazipa majina yake yanayoishia na namba kama 01 na 02. Kimo cha nukta ya maili 8: zidisha 8 kwa 320, ongeza kimo cha uwanja, unapata kama futi 2,700. Andika 180/2700A. Herufi A ni kimo hicho au juu yake, B ni kimo hicho au chini yake. Spidi hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Kwa noti 180 ndege inageuka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha maili 1 hivi, kwa noti 250 linakaribia maili 2, nayo inaupita mstari wa barabara.

Angalia ukubwa wa maandishi. Tarakimu kubwa ni amri, ndogo ni makisio ya kompyuta. PMDG wamelizingatia hili, na ndilo linalokuonyesha kwa jicho moja kama kimo ulichoandika kimepokelewa. Kisha zungusha swichi ya EFIS, paneli ya kuchagua mwonekano wa ramani, hadi PLN (ramani ya mpango) na ubonyeze STEP, nukta moja moja. Kona yenye ncha kali ikionekana kwenye ramani, kuna nukta iliyokosewa. Mara nyingi ni jina lenye mapacha duniani: ukurasa wa SELECT DESIRED WPT ulipotokea, mtu alibonyeza la kwanza bila kusoma. Kwa safari hii latitudo na longitudo za nukta sahihi huanza na S0 na E03.

Kasoro inayosumbua ni data. PMDG ina hifadhi yake ya nukta, simuleta ina yake, na kuifanya moja kuwa mpya hakuigusi nyingine. Data hizo hubadilika kila siku 28. Zikitofautiana, chati inakupa jina na FMC inajibu NOT IN DATABASE. Soma tarehe kwenye ukurasa wa IDENT kabla ya kitu kingine chochote, na mwenye bando dogo aanze na data ya PMDG, kwa kuwa ndiyo FMC inayoisoma.

Jambo la mwisho ni VNAV, yaani FMC kuongoza kimo yenyewe. Hata ukiandika vimo vyote sawasawa, ndege haishuki kama dirisha la kimo kwenye MCP, paneli ya rubani otomatiki, bado liko juu. Ujumbe RESET MCP ALT ukitokea, shusha kimo hapo hapo, kabla ya kufika nukta ya kuanza kushuka.