Siku nne kwenye nyumba ya vyumba vitano (uzoefu wangu)

Nimerudi juzi tu, naandika sasa hivi kabla sijaanza kusahau. Nimekaa siku nne kwenye nyumba ndogo ya wageni, vyumba vitano basi, mwenye nyumba ni mama mtu mzima anaishi hapo hapo chini, anapika mwenyewe, mashuka anafua mwenyewe na kijana wake anamsaidia kubeba mizigo na kwenda sokoni. Mimi miaka yote ni mtu wa hoteli kubwa, nikisafiri kikazi nafikia zile za risepsheni na lifti na kadi ya mlangoni, na sijawahi kuandika chochote kuhusu hata moja maana kiukweli hakukuwa na cha kuandika, unalala unaondoka.

Sasa siku ya kufika basi lilichelewa sana. Mchana nilikuwa nimempigia simu nikamwambia saa moja jioni nitakuwa hapo, nikaja kufika saa tano na nusu usiku, simu imeisha chaji, mvua inanyesha, na njia nzima nawaza nitakuta geti limefungwa nitalala wapi. Nakata kona naona taa ya barazani inawaka. Mama yupo kwenye kiti, kajifunika shali, kasinzia, na ufunguo wa chumba changu uko mapajani umefungwa kwenye kipande cha mbao chenye namba iliyoandikwa kwa brashi. Akashtuka, akanitazama, hakuuliza kitambulisho wala malipo (hayo tulimalizana kesho yake asubuhi), akasema "pole sana mwanangu, umekula?" Supu ilikuwa jikoni kwenye moto mdogo. Akanimiminia, akakaa na mimi mezani mpaka nikamaliza, hata hatukuongea sana, wote tulikuwa tumechoka.

Kesho yake jioni sahani yangu ikaja haina vitunguu. Mi sikuwa nimesema kitu. Nikamuuliza, akanijibu kama jambo la kawaida kabisa, jana uliviweka pembeni ya bakuli. Hapo ndo niliguswa jamani, kuna hoteli moja kubwa nimeshafikia mara tatu na mara zote tatu nimejaza fomu ya vitu nisivyokula na mara zote tatu vimeletwa, na siwalaumu wahudumu, mhudumu wa watu mia mbili atakukumbukaje? Huyu mama anapika chakula cha watu wanane, sahani ikirudi jikoni anaiona kwa macho yake nini kimeliwa na nini kimebaki.

Kwa hiyo kwangu siri yote iko kwenye idadi. Aliyekupokea ndo aliyepika ndo atakayeamka usiku bomba likipasuka, na ukiondoka umeudhika ni yeye anayepoteza, sio kampuni. Wafaransa wameliweka mpaka kwenye sheria, nyumba ya mtu inayopokea wageni, wao wanaiita chambre d'hôtes, haitakiwi kuzidi vyumba 5 wala wageni 15 kwa wakati mmoja, mwenyeji awapokee mwenyewe, na kifungua kinywa ni lazima kiwemo. Ukizidisha hapo umeshakuwa biashara ya aina nyingine. Cuba nako familia ziliruhusiwa rasmi mwaka 1997 kupangisha wageni vyumba ndani ya nyumba zao, na zile migahawa za majumbani, paladar, miaka hiyo ya tisini zilikuwa na kikomo cha viti 12. Najua kule kikomo kiliwekwa na serikali kwa sababu zake na baadaye kikapandishwa, lakini hebu fikiria viti 12, mpishi anasikia kabisa unachosema kuhusu chakula chake.

Kula nje nilikula sehemu moja tu siku zote nne, sikuona sababu ya kuhangaika. Meza sita, mume yuko jikoni mke anahudumia, menyu imeandikwa kwa chaki ubaoni na kila siku inafutwa, vyakula vitatu au vinne basi. Mtu akiona menyu fupi anadhani wamekosa uwezo, mi naona kinyume chake, ile menyu ya kurasa kumi na mbili maana yake vingi vimekaa kwenye friza vinasubiri siku utakayoviagiza, ila huyu ananunua asubuhi anauza hadi kiishe. Siku ya tatu nilichelewa, dada akaniambia wazi kilichobaki hakitoshi sahani nzima, ukisubiri nakuongezea mboga, nikasubiri, na kwenye bili akapunguza bila mimi kuomba.

Kasoro zipo na nazisema. Maji ya moto ni tangi moja kwa nyumba nzima, ukiamka wa mwisho unaoga baridi. Kuta nyembamba, jirani akikohoa unamsikia. Intaneti inashika vizuri sebuleni ila chumbani inakatakata, kama una mikutano ya kazi itakusumbua kweli. Na mama anauliza maswali, unakwenda wapi, unarudi saa ngapi, kuna watu hilo wataliona ni kuingiliwa, mimi nililipenda lakini usije ukasema sikukwambia.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni upige simu, usiishie kwenye programu ya kubuku. Ongea na mtu dakika mbili tu utajua kama anayeishi pale ndo huyo anayepokea au ni wakala mwenye nyumba ishirini, muulize kabisa, nani atanifungulia mlango? Waambie saa ya kufika na ukichelewa watafute, maana kuna mtu anakusubiri bila kulala, mimi ile ya simu kuisha chaji bado inaniuma. Vitu usivyokula sema mapema. Beba pesa taslimu kidogo, wengi hawana mashine ya kadi. Na soma maoni ya wageni waliotangulia ukiangalia wamemtaja mwenyeji au wametaja jengo tu, wakitaja tu kitanda na bafu jua hawakukutana na mtu.

Mwezi wa kumi narudi, nimeshampigia. Kile chumba cha dirisha la bustanini kimeshachukuliwa na familia moja inayokuja kila mwaka, kanipa cha juu karibu na ngazi, kasema godoro lake ni gumu kidogo ila ataliongezea blanketi chini.