Mashine Tuliyoiita Mbuzi: Tathmini ya Karakana Moja ya Shabaab, Nakuru

Karakana ninayoiandikia haina bango. Iko upande wa Shabaab, jijini Nakuru, nyuma ya vibanda vya kuchomelea vyuma, na wenyeji huitambua kwa mngurumo wa mashine za kukata nyasi zinazojaribiwa mlangoni. Nilifika hapo mwezi wa Machi nikiwa na mashine kuukuu ya petroli ya kunyonya majani, niliyoinunua mnadani kwa shilingi 4,500, pamoja na swali lililonisumbua kwa muda mrefu: je, hii ndiyo aina ya mashine niliyoijua utotoni?

Katika miaka ya 1980 baba yangu alikuwa mtunza viwanja wa klabu moja mjini hapa. Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Novemba, mijakaranda ilipopukutisha maua, nyasi zote ziligeuka zambarau, na baba aliitoa stoo mashine yenye mdomo mpana uliokaribia kugusa ardhi. Aliivuta kamba mara mbili au tatu, injini ikashika, na mfuko wa kitambaa kizito uliokuwa umelala kama ngozi tupu ukaanza kujaa upepo hadi ukasimama. Kazi yangu ilikuwa kufungua zipu na kumimina majani kwenye shimo la mbolea. Yalitoka yakiwa yamekatikakatika, yana joto, yananukia petroli. Wafanyakazi wote waliiita Mbuzi, nami niliamini kwamba jina hilo lilitokana na ulaji wake wa majani.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, mahali pengine kabisa, alisoma jina la Briggs & Stratton kwenye kifuniko cha injini na kusema kwamba hilo ndilo jina la mashine. Aliniagizia feni na mfuko alivyodai ni vya Briggs. Tundu la feni lilikuwa dogo kuliko shafti, na mfuko haukulingana na bomba la kutolea majani. Shilingi 2,800 zilipotea hivyo, na nilikasirika, kwa sababu kosa hilo lingeepukika. Briggs & Stratton ni kampuni ya Milwaukee, Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1908, na kwa miaka mingi imewauzia injini watengenezaji wengi wa mashine za kukata nyasi, pampu za maji na jenereta. Kuitambua mashine kwa jina hilo pekee ni sawa na kutaka kujua aina ya matatu kwa kusoma jina lililo kwenye tairi.

Mzee wa Shabaab alianza tofauti. Hakuuliza nataka spea gani. Aliuliza ninakumbuka nini. Nilimweleza kuhusu mdomo, mfuko, sauti na lile jina la Mbuzi, akasikiliza hadi mwisho. Kisha alichovya mswaki kwenye mafuta ya taa na kusugua kifuniko cha injini hadi namba zilizopigwa kwenye bati zikaonekana: 130902, na kando yake 78041205.

"Mama, injini ni mgeni tu hapa," aliniambia. "Tumsikilize kwanza mgeni, halafu tumtafute mwenye nyumba."

Alinisomea namba hizo moja baada ya nyingine. Ile 13 ya mwanzo hutaja ukubwa wa silinda kwa inchi za ujazo, ambao katika injini hii ni karibu sentimita 206 za ujazo. 9 huonyesha kwamba shafti imesimama wima, jambo linalolingana na feni iliyolala chini ya injini. Na 2 ya mwisho humaanisha kwamba injini huwashwa kwa kamba inayojirudisha. Namba ya pili ni tarehe: mwaka wa 78, mwezi wa 04, siku ya 12. Injini hiyo iliundwa tarehe 12 Aprili 1978, kwa hiyo umri wake uliafikiana na kumbukumbu yangu.

Ili kumtafuta mwenye nyumba, alihamia kwenye gamba la feni, ambalo mtu fulani alikuwa amelipaka rangi ya kijani ya geti. Aliikwangua taratibu kwa wembe, akiulaza ili asichune kilichokuwa chini, na baada ya karibu nusu saa zikajitokeza herufi chache za stika iliyochakaa: LLY, kisha nafasi, kisha GO. Hapo nilielewa. Billy Goat ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 1967, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na makao yake Lee's Summit, Missouri, na inajulikana hasa kwa mashine za kunyonya majani na takataka za nje. Jina lake kwa Kiswahili ni beberu. Wafanyakazi wenzake baba hawakuwa wamebuni lakabu, walikuwa wametafsiri. Ni kweli kwamba Briggs & Stratton iliinunua Billy Goat mwaka wa 2015, lakini mashine yangu ilipoundwa kampuni hizo mbili zilikuwa mbali mbali.

Matengenezo yalichukua wiki tatu, muda ambao naona ni mrefu, hasa kwa kuwa niliahidiwa siku kumi. Kazi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa safi. Injini za Briggs zilizotangulia mfumo wa kielektroniki wa kuwasha cheche wa mwaka wa 1982 hutumia platini, yaani vidude vidogo vya kukata na kuunga umeme wa cheche, zilizofichwa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na zangu zilikuwa na kutu; mzee alizisafisha na kuziweka kwenye nafasi ya nusu milimita. Kiwambo cha mpira cha kabureta, ambayo katika muundo huu hukaa juu ya tangi na kuvuta petroli kutoka chini yake, kilikuwa kimekauka kama ganda la ndizi, naye akakibadilisha. Mfuko mpya ulishonwa na fundi cherehani jirani kwa turubai. Nililipa shilingi 6,300 kwa jumla, nikapewa spea zote za zamani zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, heshima ambayo karakana nyingi hazimpi mteja.

Kuhusu mashine yenyewe, inafaa kwa majani makavu na hainyonyi maua ya mjakaranda yaliyolowa, ambayo hunata bombani hadi uzime injini na kuyatoa kwa kijiti. Kelele zake ni kubwa, na vumbi hupenya turubai, kwa hiyo ziba masikio na ufunike pua.

Jumamosi iliyopita niliipeleka Njoro, anakoishi baba siku hizi. Niliiwasha nyuma ya nyumba, naye akatoka akiuliza nani amemleta Mbuzi. Aliizunguka, akashika mpini, akapapasa mfuko, kisha akaniambia kwamba zipu imewekwa mahali pasipofaa: ya zamani ilikuwa chini, ili majani yamwagike yenyewe. Mfuko unarudi kwa fundi cherehani wiki hii.