Uzoefu wangu: upasuaji wa mfupa wa shavu na tundu la jicho hapa Dodoma

Nilifanyiwa upasuaji wa mfupa wa shavu na sakafu ya tundu la jicho katika hospitali ya rufaa hapa Dodoma, na nimeridhika nao. Naandika hasa kwa wenzangu wa bodaboda, maana uso ukiumia wengi wetu huishia kushonwa na kupewa dawa za maumivu.

Mimi ng'ombe walinikatizia njia kati ya Mbande na Kongwa. Zahanati ya kwanza walinishona nyusi, wakasema huo ni uvimbe tu, utashuka. Ulipoanza kushuka ndipo mambo yakaonekana: shavu la kushoto limebonyea, mdomo haufunguki vizuri hata kwa kijiko cha uji, na nikitazama juu naona vitu viwiliviwili. Mke wangu akininyanyulia kikombe, naona viwili, kimoja juu ya mwenzake. Shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya juu upande huo vilikuwa ganzi tupu.

Kilichonipa imani ni maelezo. Daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso aliniwekea picha za CT (eksirei ya kina inayopigwa kwa kompyuta) kwenye kompyuta, akanionyesha mahali penyewe. Mfupa ulio chini ya jicho, yaani hiyo sakafu, ni mwembamba sana, na chini yake kuna uwazi wenye hewa. Ukivunjika, mafuta yanayolizunguka jicho yanashukia humo, na msuli ukinaswa jicho linashindwa kupanda. Mdomo nao ulikwama kwa sababu mfupa wa shavu uliingia ndani ukaizuia taya. Alinieleza pia kwamba si kila aliyevunjika anapasuliwa: mfupa usiposogea na macho yakiona sawasawa, mtu huachwa apone. Ila wa kupasuliwa asikawie, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi, kabla mfupa haujaunga vibaya. Mtoto aliyenaswa msuli ndiye wa kukimbizwa haraka kabisa, hata kama jicho lake kwa nje ni jeupe. Akitapika baada ya kupigwa usoni, msimchukulie kawaida.

Niliogopa makovu. Nilipigwa nusu kaputi, wakapitia ndani ya mdomo juu ya ufizi, chini ya kope, na kwenye jeraha lilelile la nyusi. Mfupa umeshikwa na vibati vidogo vya titani na skrubu, sakafu ya jicho ikawekewa wavu. Vyote vinabaki humo maisha yangu yote, isipokuwa vikileta shida.

Usiku ule nesi hakuniacha nilale. Kila mara tochi, kisha, "Kaka, vidole vingapi hivi?" Damu ikijikusanya nyuma ya jicho inaweza kuua uoni kwa muda mfupi, ndiyo maana aliniambia jicho likiuma ghafla au kuona giza nipige kelele hapohapo. Namshukuru sana yule dada.

Baada ya hapo ugumu ni kutopenga kamasi kwa wiki kadhaa, maana hewa hupenya ikaingia kwenye tundu la jicho. Kwa vumbi na upepo wa huku Dodoma, hilo ni zito! Chafya ikija, unaitoa mdomo wazi. Chakula ni laini tu; mlenda na ugali mlaini vilinisaidia kuliko kitu kingine.

Leo shavu limerudi, natafuna nyama, na mbele naona kimoja. Nikitazama juu kabisa bado vinaachana kidogo. Mdomo wa juu unatekenya. Daktari alisema mshipa wa fahamu huchukua miezi, na pengine ganzi kidogo ibaki.

Lawama yangu ni kwenye malipo. Bei ya vibati na skrubu niliisikia nikiwa tayari wodini, ndugu wakahangaika kuchanga usiku. Siku ya picha za CT, ulizeni bei ya vifaa peke yake, na muulize bima yenu inalipia kipi.