TSRE5 kwenye milima ya TAZARA: uzoefu wangu

Huu ni mwaka wa pili najenga kipande cha TAZARA cha Mlimba hadi Makambako ili nikiendeshe kwenye Open Rails, programu ya kompyuta ya kuigiza uendeshaji wa treni. Nilikichagua kwa ubishi tu. Kina mahandaki 18, na mwenye akili zake angeanzia kule tambarare za Kilombero. Kifaa changu ni TSRE5, programu ya bure ya kujengea njia. Inafaa sana, ila usikae nayo bila bakapu hata siku moja.

Nianze na ardhi. Natumia data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000. Kwenye makorongo rada haikuona kitu, na pasipoonekana faili ghafi limeandikwa -32768. Ukiingiza hivyohivyo, namba hiyo inachukuliwa kama mwinuko wa mita, unapata shimo la kutisha katikati ya mlima, reli inaning'inia juu yake. Nilipoteza jioni nzima nikifukia kwa brashi, kumbe zipo data ambazo mapengo yake yameshazibwa. Tena vipimo vyenyewe viko kila mita 30 hivi, wakati gridi ya ardhi ni ya mita 8. Hapo katikati ni kukisia, na kwenye msitu mnene rada ilipima majani badala ya udongo, ndiyo maana utakuta kilima kimeikalia reli mahali ambapo hakipo. Mimi siku hizi nalaza reli kwanza kwa mwinuko ninaoutaka, kisha naiamuru ardhi iifuate. Kazi hiyo TSRE5 inaifanya kwa sekunde chache, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuisifu.

Kwenye mahandaki, ardhi inatobolewa kwa miraba ya mita 8, kwa hiyo mdomo wa handaki uwe mpana kuliko tundu. La sivyo abiria wako wataona mbingu chini ya mlima.

Sasa kosa langu. Karibu na daraja la Mto Mpanga kigae kimoja (mraba mmoja wa ramani ya ardhi) kilikuwa kimekaa vibaya, nikapakia upya mwinuko wake. Matuta yote niliyoyachonga kwa wiki tatu yakafutika, nami kwa mazoea nikabonyeza kuhifadhi. Umeme ukakatika papo hapo, na betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani. Asubuhi nikatazama faili la mwinuko, lile linaloishia na _y.raw. Likiwa zima lina baiti 131,072. Langu lilikuwa na 0.

Flashi ilikuwa na nakala, lakini nikazidi kuharibu: nilirudisha folda za Jumapili, ya ardhi na ya WORLD (inayobeba vitu vinavyoonekana, reli zikiwemo), nikaacha faili la .tdb la Jumatano. Hilo la .tdb ndilo linalojua reli zote zimeunganaje. Treni ikawa inafuata njia isiyoonekana, huku reli zinazoonekana hazina habari nayo. Kuchonga kilima upya ni uchovu tu, lakini .tdb ikivurugika ni heri uanze kulaza reli upya.

Kwa hiyo nikimaliza kazi nazipu folda nzima ya njia, jina lina tarehe, moja inakaa kwenye flashi na nyingine mtandaoni. Kabla ya kugusa mwinuko wa kigae chochote natoa nakala nyingine, hata kama nimetoa dakika kumi zilizopita. Mke wangu anauliza kwa nini kuna folda 40 za Makambako.