Fundi wa Sakina anayesoma plagi kabla ya kushika bisibisi

Nilipoifunga pikipiki yangu ya cc 150 ekzosi ya wazi na filta ya koni, vyote vya Kariakoo, nilidhani kazi imeisha. Ukiivuta ghafla inakohoa, ukiachia mafuta mteremkoni inalipua mpaka mbwa wanabweka, na plagi ni nyeupe kama chaki, dalili ya mafuta machache. Fundi wa kwanza, simtaji, alizungusha skrubu ya kabureta mara mbili, akapiga resi, akasema "tayari kaka" na kuchukua elfu kumi. Nilifika nyumbani injini inaunguza goti.

Huyu wa pili ana kibanda tu pale Sakina, Arusha, bango hana. Kabla ya kugusa kabureta alipaka maji ya sabuni kwenye gasketi ya ekzosi, maana ikivuja pale nayo hulipua vilevile. Haikuvuja. Ndipo akafungua: jeti kubwa, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta, ilikuwa ileile ya kiwandani, namba 98. Hewa imeongezeka, mafuta ni yaleyale. Akaweka 110, akanituma barabarani: gia ya tatu, vuta mpaka mwisho, kisha shika klachi na uzime kwa swichi palepale, usiiache ikae silensa, yaani ingurume bila kuvutwa. Plagi ikatoka na masizi meusi, sasa mafuta yamezidi.

"Hapa si Dar, kaka. Hewa ya huku nyepesi."

Tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa pungufu inataka mafuta pungufu. Akashuka mpaka 105, plagi ikawa kahawia safi. Ukivuta nusu bado ilisita, akashusha klipu ya sindano ya kabureta kijino kimoja ili sindano inyanyuke na mafuta yapite zaidi. Skrubu ndogo aliigusa mwisho kabisa, kwa ajili ya silensa tu. Jeti mbili na ufundi, 35,000. Ile 110 nimebaki nayo, nikishuka Dar nitaijaribu.

Sasa kasoro. Nilikaa pale tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kabureta imelala wazi juu ya gazeti huku yeye anaongea na simu. Risiti hana. Na alinigombeza kweli kuhusu ile koni: vumbi la huku litamaliza ringi za pistoni, rudisha boksi lake, ekzosi ibaki. Najua ana haki. Sijarudisha, mlio wake naupenda mno.

Ukienda, wahi asubuhi, na ubebe plagi mpya mfukoni. Za kwake anauza ghali.